Eksirei inaonyesha mahindi mazima, uotaji uko chini: kasoro iko wapi?

Mpima_Mbegu: Wadau, kuna fungu la mbegu za mahindi lililokaa ghalani muda mrefu. Picha za eksirei za kilovolti 20 zinaonyesha mbegu zimejaa, hazina nyufa wala matundu ya fukusi. Jaribio la uotaji, marudio 4 ya mbegu 100, halifiki asilimia 70. Mashine ina hitilafu? Na kamera ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ingezitambua zilizokufa?

Kiinitete: Mashine ni nzima, mkuu. Eksirei huonyesha kilichozuia mionzi: mbegu tupu, kiinitete (mmea mchanga ulio ndani ya mbegu) kilichosinyaa, ufa wa ndani, buu aliyejificha. Mbegu iliyokufa kwa uzee au kwa joto la kukaushia haibadiliki umbo. Kilichoharibika ni utando wa seli, na huo hauonekani kwenye picha. Ndiyo maana eksirei inalipa zaidi kwenye mbegu za miti, ambako tupu huwa nyingi. Hakikisha pia umezilaza bapa, upande wa kiinitete juu. Zikisimama kwa ubavu, nyufa hupotea.

Spektra: Infraredi ya nanomita 900 hadi 1700 inaweza kusaidia, ila unyevu kwanza. Maji hufyonza sana mwanga karibu na nanomita 1450, kwa hiyo mafungu yakitofautiana unyevu, modeli (programu ya kompyuta inayofundishwa kutenga mbegu hai na zilizokufa) itajifunza unyevu ikidhani ni uhai. Ziweke chumba kimoja mpaka zilingane. Washa taa nusu saa kabla, piga picha ya kigae cheupe, kisha nyingine lenzi ikiwa imefunikwa, ziwe vipimo vya kulinganishia mwanga na giza. Mbegu zenye dawa ya rangi ni balaa. Zipige picha kabla ya kupakwa.

Halafu kila mbegu iwe na namba yake kwenye trei, na uioteshe kwenye karatasi kwa mpangilio uleule, nyuzi 25, siku 7. Wengi huharibu hapo: mbegu zinachanganyika zikihamishwa, modeli inafundishwa majibu ya uongo.

Fungu_Jipya: Naongezea: data ya kufundishia na ya kupimia zitoke mafungu tofauti. Ukichanganya mbegu za fungu moja pande zote mbili utapata usahihi wa kupendeza, kisha uporomoke fungu geni likija.

Mpima_Mbegu: Kabla ya kutafuta kamera, nitathibitishaje kuwa mbegu zimekufa kweli?

Kiinitete: Tetrazoli, kemikali inayopaka rangi sehemu hai za mbegu. Loweka mbegu usiku kucha, zipasue kwa urefu katikati ya kiinitete, zitie kwenye mmumunyo wa asilimia 1 kwa saa 2, nyuzi 30. Kilicho hai huwa chekundu. Inaua mbegu, ndiyo, lakini ni sampuli tu.