Naomba ushauri: ajira ya Dar, kazi Unguja, sikukuu nalipwa kwa sheria ipi?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa sheria za kazi.

Niliajiriwa Dar na kampuni ya hoteli. Mkataba unataja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na makato yangu yanaenda NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Baadaye nikahamishiwa tawi la Unguja kwa barua tu, mkataba haukuguswa.

Shida imeanzia Mapinduzi, tarehe 12 Januari. Hoteli ilijaa, tukafanya kazi kutwa nzima, mshahara ukaja wa kawaida. Sheria hiyo ya Bara iko wazi: ukifanya kazi sikukuu unalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Nilipomuuliza afisa utumishi akasema kazi si jambo la Muungano, Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, kwa hiyo nisahau ya Bara. Sawa, ila akitaka kunihesabia likizo anarudi kwenye mkataba wa Dar! Nimemwandikia barua, kimya. Wenzangu walioajiriwa hukuhuku wako ZSSF (mfuko wa Zanzibar), nao hawana jibu.

Maswali yangu:

Kinachoangaliwa ni mkataba uliposainiwa au mahali ninapofanyia kazi?

Na malalamiko nipeleke CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) Dar au Kamisheni ya Kazi huku? Nauliza mapema maana CMA madai ya namna hii yana ukomo wa siku 60, na nauli ya boti ya kwenda kuambiwa "si hapa" sina.

Natanguliza shukrani.