Baridi imeingia, LUKU na gesi vinakwisha mbio, wenzangu wa Arusha na Moshi mnabanaje matumizi?

mama_wawili_sakina

Habari zenu wapendwa, poleni na baridi. Naombeni msaada wa mawazo maana huku Sakina hali ya mwezi huu imenishinda. Tuko watu sita ndani, mimi na baba watoto, kijana wangu wa sekondari, dada anayenisaidia na wadogo wawili. Miezi ya joto nilikuwa naweka umeme wa kama elfu 32 unanifikisha mwisho wa mwezi, sasa tangu baridi ianze nafika elfu 60 na bado nachungulia mita kila jioni. Gesi nayo ni hivohivo, mtungi wa kilo 15 najaza elfu 57 ulikuwa unakaa mwezi na siku kadhaa, sasa mwezi hauishi nishaenda kujaza.

Nishaanza kubana, taa za nje nazima saa nne usiku, chaja za simu tunachomoa, tivii watoto wanaangalia jioni tu, ila sioni tofauti yoyote. Vitu nilivyonavyo ni friji ya milango miwili (ilikuwa ya mama, ya siku nyingi), pasi, tivii, shawa ya umeme ya bafuni na jiko la gesi la pleti mbili. Tarifu yetu (daraja la bei ya umeme) ni ile kubwa. Maharage napika karibu kila siku, makande Jumamosi, na wale wadogo nawachemshia maji ya kuoga kwenye gesi asubuhi kabla ya shule. Nyumba ni ya kupanga kwa iyo mambo ya kubomoa ukuta au kufunga sola juu ya bati siwezi. Nianzie wapi jamani?

fundi_njiro

Dada yangu pole sana. Mimi ni fundi umeme na hilo swali nakutana nalo kila Juni na Julai, na karibu kila nyumba jibu ni lilelile: hizo taa na chaja ziache zilivyo, angalia kitu kinachotoa MOTO. Umeme unaotengeneza mwanga au sauti ni kidogo mno, taa ya LED ya wati 9 ukiiwasha usiku kucha saa 12 haifiki hata uniti 0.11, yaani kama shilingi 40. Kinachokula uniti ni kuchemsha, shawa, pasi, jagi la umeme, hita ya kuchovya kwenye ndoo.

Tupige hesabu yako. Tarifu kubwa ni shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1 inakuja kama 356. Elfu 60 toa kodi ya jengo 1,500 unabaki na uniti kama 164. Ile elfu 32 ya zamani ilikuwa uniti kama 85. Kwa iyo kuna uniti karibu 79 zimeongezeka na friji haijaongezeka, tivii haijaongezeka, sasa cheki shawa. Hizi shawa nyingi ni wati 5,500 zikiwa kwenye moto wa juu. Watu wazima wanne kila mmoja dakika 7 ni dakika 28 kwa siku, hapo ni uniti 2.57 kwa siku, mara siku 30 ni uniti 77. Ushamwona mwizi wako? Miezi ya joto nadhani mlikuwa mnaoga maji ya bomba tu.

Sisemi muoge maji baridi Julai ya Arusha, hapana, mtaugua bure. Ile shawa ina swichi ya moto mdogo na moto mkubwa, iweke kwenye mdogo afu punguza maji kwenye koki, maji yakipita taratibu yanapata joto la kutosha hata kwa moto mdogo, na hapo unakuwa umekata karibu nusu. Anayejipaka sabuni afunge maji kwanza. Ila angalizo, usipunguze maji hadi yawe kidogo sana, shawa itajizima au koili itaungua. Na kama ukigusa koki unasikia kama kushtukashtuka, msioge tena hapo mpaka fundi aangalie waya wa ethi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini), hilo halina mjadala.

mangi_wa_kibosho

Fundi umeongea ukweli mtupu. Mimi naongezea hapo kwenye maji ya watoto kwenye gesi. Mama, sufuria la lita 10 kulitoa kwenye maji ya bomba ya asubuhi mpaka yachemke, ukizingatia kwamba kama nusu ya moto wa jiko unapotelea pembeni, linakula gesi kama kilo 0.13. Inaonekana ndogo ila ukifanya kila siku mwezi mzima ni kama kilo 4, yaani robo nzima ya mtungi wako inaoga! Kwa bei yako ya elfu 57 hiyo ni kama elfu 15. Usiyachemshe mpaka yatokote maana utayapoza tena kwa maji baridi, pasha mpaka yanavumilika mkononi basi, na ufunike sufuria. Au wadogo waogeshwe saa tisa saa kumi jua likiwa limetoka kidogo, asubuhi wafutwe uso na miguu tu, mbona sisi Kibosho tulikua hivyo na tulikuwa wasafi.

Kwa wenye kwao na ng'ombe wa ndani msisahau bayogesi. CAMARTEC, kile kituo cha teknolojia za kilimo na vijijini hapo Arusha, wanajenga mitambo hiyo tangu miaka ya 80, kinyesi cha ng'ombe wawili au watatu wa zero grazing kinapika chai, uji, na mboga za nyumba nzima, na yale masalia unamwaga kwenye migomba. Kwetu gesi ya mtungi ni ya wageni wakija. Najua kwa mpangaji wa Sakina haikusaidii, ila wapo wanaosoma hapa wana mazizi nyumbani na bado wananunua mitungi.

mama_ntilie_kilombero

Mimi napika biashara hapa karibu na soko la Kilombero, maharage ndiyo yananilipa kwa iyo naomba niseme kuhusu maharage. Kwanza Arusha tuko juu, kama mita 1,400, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndo maana mtu akitoka Dar anashangaa maharage hayaivi. Sasa mtu akiona hayaivi anaongeza moto, wakati maji yakishatokota hata uwashe moto wa kuunguza nyumba hayapati joto zaidi, unachoongeza ni mvuke tu. Yakishatokota shusha moto mpaka mwisho, funika, acha yacheze taratibu.

Pili loweka. Jioni unaloweka, asubuhi unamwaga yale maji. Na ukinunua muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima yanakula gesi mara mbili na bado yanabaki magumu. Magadi wengine wanaweka, yanalainisha kweli, ila yanaua ladha na virutubisho, mimi wateja wangu wananikataa.

Tatu ni kikapu. Kapu kubwa la ukindu, ndani unapanga blanketi kuukuu au mito iliyojazwa pamba, makande yakishatokota vizuri kama nusu saa unayatia na sufuria lake ndani ya kapu, unafunika na mto mwingine juu, unaondoka. Unarudi baada ya saa nne unakuta yameiva na hayajaungua, gesi umetumia ya nusu saa tu. LAKINI maharage mekundu lazima kwanza yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuingia kapuni, yana sumu yake ambayo moto wa uvuguvugu hauiui, watu wanaharisha na kutapika wanadhani wamelogwa. Na ukitoa kapuni rudisha jikoni yatokote tena kidogo ndo ule.

chalii_wa_moshono

Nyie wote mnazunguka, dawa ni kuhama kwenye gesi. Nunueni presha kuka ya umeme, ile ya wati 1,000 yenye batani. Maharage nusu kilo hata bila kuloweka ni uniti 0.4 mpaka 0.5, kwa tarifu kubwa haifiki shilingi 200. Jiko la gesi maharage hayohayo saa mbili ni zaidi ya elfu moja. Inajizima yenyewe, unaondoka zako.

mwl_wa_pasua

@chalii_wa_moshono kwa maharage, makande, nyama ngumu na kongoro nakubaliana na wewe kabisa, sisi hapa Moshi tunayo na mtori tunatolea humohumo. Ila usimwambie mama aache gesi yote. Ugali wa watu sita kwenye presha kuka haupikiki, chapati hivohivo, na umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni watoto wanalala njaa? Cha maana ni kila chakula kipikwe kwenye kinachokifaa. Kinachokaa jikoni zaidi ya dakika 40 kiende kwenye umeme wa presha au kikapu, kinachoiva haraka kibaki kwenye gesi. Presha kuka ya kawaida ya kuweka kwenye gesi pia ipo, bei yake ni nafuu kuliko ya umeme, ni nzuri tu ukiangalia mpira wake na ile valvu haijaziba.

Na dada usisahau lile jiko lenyewe. Moto ukiwa wa njano na sufuria inaota masizi, gesi haiungui yote, toa vile vichwa osha vitundu kwa brashi na sindano mpaka moto uwe wa bluu. Moto ukipanda pembeni ya sufuria unapasha ukuta, chagua pleti inayolingana na sufuria. Mpira wa gesi na regyuleta paka povu la sabuni, ukiona linatoa mapovu pale kuna tundu, funga mtungi na ubadilishe. Siyo habari ya hela tu hiyo, ni roho za watu.

mama_wawili_sakina

Asanteni sana jamani, yaani hesabu ya shawa imenikalia kichwani, nimemwonyesha baba watoto akanyamaza. Leo tumeweka moto mdogo na maji yanaogeka vizuri tu. Kapu ninalo, natafuta mito. Nina maswali mawili. Moja, jirani ananiambia niombe nirudishwe tarifu ndogo ya uniti za shilingi 100, inawezekana? La pili friji, nijuaje kama na yenyewe inanila? Halafu gesi, kuna duka nimejaza nikahisi mtungi mwepesi, nitajuaje nimepewa kilo kamili?

fundi_njiro

Tarifu ndogo ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ndani ya hizo 75 ukiweka makato unalipa kama 122 kwa uniti, ndo wale unawasikia wananunua umeme wa 9,150 mwezi mzima. Ukipitiliza, uniti za juu yake ni 350 kabla ya makato, ni ghali kuliko hata tarifu kubwa. Kwa sasa uko 164, hata ukiomba hutakaa humo. Shusha kwanza matumizi, miezi ya joto ukiona uko chini ya 75 mfululizo ndo uende TANESCO uombe, wanaangalia matumizi yako kwenye mfumo. Na ile habari ya kwamba ukinunua mwanzo wa mwezi unapata uniti nyingi, kwa tarifu kubwa haipo, uniti ni bei moja mwezi mzima, tena manunuzi ya kwanza ndo yanabeba kodi ya jengo.

Friji, tumia mita yenyewe. Kwenye mita kuna kataa kekundu kanakopepesa na pembeni pameandikwa imp/kWh, mara nyingi ni 1000 au 1600, maana yake kakipepesa mara hizo umekula uniti moja. Zima kila kitu ukutani, kaa ukatazame. Kama kanaendelea kupepesa na kila kitu kimezimwa, kuna umeme unavuja au kuna mtu kajiunga kwenye laini yako, niite mimi au fundi yeyote mwenye leseni. Kama kametulia, washa friji peke yake, andika namba ya mita, iache saa nzima, angalia tena imekula ngapi, maana friji inawaka na kujizima huwezi kuihukumu kwa dakika tano. Fanya hivyo usiku wote wamelala, unaacha friji tu mpaka asubuhi, uniti zilizoliwa unagawanya kwa idadi ya saa, afu unazidisha kwa 24 upate za siku. Ikizidi kama uniti 2 kwa siku hiyo friji ya mama imechoka. Kabla hujaikatia tamaa bana noti kwenye mlango, ukiivuta inatoka bila kukaza ule mpira umelegea, unauzwa na unabadilishwa. Isogeze kutoka ukutani kama kiganja kimoja, futa vumbi la nyuma, na kwa baridi hii namba ya ndani irudishe 1 au 2, Julai ya Arusha haihitaji 5.

mama_ntilie_kilombero

Gesi mdogo wangu: kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, tafuta pale kwenye shingo au ubavuni. Mwambie muuzaji aweke kwenye mzani mbele yako, toa uzito wa mtupu, lazima ibaki 15. Mwenye duka la kweli hakasiriki, mzani uko palepale mlangoni. Akikwambia mzani mbovu chukua mtungi wako uende duka linalofuata. Na angalia lakiri ya plastiki pale kichwani iko vilevile haijabandikwa kwa gundi.

mwl_wa_pasua

Ukishapima andika tarehe ya kuufungua kwa kalamu ya maka kwenye mtungi wenyewe, na namba ya mita kila Jumapili kwenye karatasi ya jikoni. Kijana wa sekondari mpe hiyo kazi, ataipenda, na ataacha kukaa bafuni dakika ishirini bila wewe kusema.

mama_wawili_sakina

Nimempa daftari leoleo. Mpira wa friji umelegea kweli, noti imetoka yenyewe. @fundi_njiro naomba nikutafute inboksi unielekeze bei ya mpira na pa kuupata.