Majirani wa Soko: Maoni ya bajeti, Jumatano

[19:04] Katibu: Habari za jioni majirani. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti inapokea maoni ya wadi yetu Jumatano saa nne asubuhi. Hadi sasa nina mulika mwizi mpya (zile taa za mlingoti mrefu) pale stendi, ukuta wa kituo cha polisi, lami ya njia ya zahanati, na ile mulika mwizi ya soko iliyozimika. Nani anaongeza?

[19:07] Mwalimu: Katibu, tupunguze kwanza. Polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba limezitaja kazi za kaunti: zahanati, ambulensi, taka, masoko, taa za barabarani, chekechea, zimamoto. Huo ukuta utatumalizia dakika zetu bure.

[19:09] Mama Chama: Sawa, ukuta utoke. Lakini stendi ni giza totoro, na taa ni kazi ya kaunti.

[19:12] Mwalimu: Ni kweli Mama, ila je, imo kwenye ADP, mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka? Mpango huo hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, hairuhusu pesa zitengwe nje ya mipango iliyopitishwa.

[19:15] Katibu: Nimepekua kurasa za wadi yetu. Stendi haimo. Lami ya zahanati imo.

[19:16] Mwalimu: Basi stendi tuiandikie barua sasa, iingie kwenye ADP ijayo. Jumatano tuulize lami imepewa mita ngapi na mfereji wa maji upo au haupo. Lami bila mfereji haivuki masika mawili.

[19:18] Mama Chama: Na ya soko?

[19:24] Fundi Stima: Hiyo ni ukarabati, iombwe kwenye matumizi ya kawaida. Msiandike "tunaomba taa". Andikeni kilichoharibika. Taa zote zikizima pamoja, shida kwa kawaida iko chini: umeme umekatwa kwa bili, swichi kuu imejizima, kontakta (swichi ya umeme inayowasha taa zote pamoja) imeungua au kebo ya ardhini imekatwa na wachimba mitaro. Ikizima moja au mbili tu, hapo ni balbu au draiva yake, kile kifaa kinachoipa umeme.

[19:25] Kijana wa Boda: Kabla ya kuzima zilikuwa zinawaka hata mchana.

[19:27] Fundi Stima: Umesema jambo kubwa. Kihisi mwanga, kinachowasha taa giza likiingia na kuzizima kukicha, kilikwama. Taa ikiwaka mchana na usiku, bili inapaa na kontakta haipumziki. Kihisi ni kidude kidogo mno ukilinganisha na hasara yake. Wakibadilisha kontakta peke yake, mtarudi kulekule.

[19:28] Kijana wa Boda: Si mtu apande tu aangalie?

[19:31] Fundi Stima: Asipande mtu! Chini ya mlingoti kuna mlango mdogo wa chuma. Ndani mna winchi (rola ya kuvutia) na kamba ya waya, na pete yote ya taa hushushwa hadi usawa wa kifua. Kamba ikikaa bila grisi huota kutu nyuzi kwa nyuzi, na pete ikikwama juu inabidi ikodiwe krini. Kwa hiyo ombeni vitu vinne: kontakta, kihisi, ukaguzi wa winchi na kamba, na laini ya bili ya umeme, yaani fungu lake kwenye bajeti, kwa mwaka mzima.

[19:34] Nesi Mstaafu: Hiyo laini ya bili msiiache. Ndivyo wodi za wazazi zinavyojengwa, zikapakwa rangi, kisha zikafungwa. Pesa za jengo zilikuwepo, za wahudumu, maji na glavu hazikuwepo.

[19:38] Mwalimu: Na tuseme pesa zitoke wapi. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka bunge likiongeza fungu moja lipunguze jingine. Ukija na ombi na fungu la kukata, kamati inakusikiliza. Mimi naona semina na safari.

[19:39] Mama Chama: 😂 Hapo ndipo watatusahau kabisa.

[19:43] Katibu: Naandika hivi: "Mulika mwizi ya soko, mlingoti mmoja, imezimika yote. Kontakta 1, kihisi mwanga 1, ukaguzi wa winchi na kamba, bili ya miezi 12. Kazi iishe robo ya kwanza."

[19:45] Mwalimu: Safi. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha ni Julai hadi Septemba. Tukiacha wazi itasukumwa hadi Juni, na pesa ambazo hazijatumika kufikia tarehe 30 hurudi kwenye mfuko wa kaunti. Chapisha nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.

[19:47] Fundi Stima: Ongeza swali moja, Katibu. Ufunguo wa ule mlango wa chuma uko kwa nani?

[19:52] Katibu: Nimempigia mlinzi wa soko. Anasema hajawahi kuuona.

[19:53] Fundi Stima: Basi andika kufuli pia.