Naomba ushauri: riwaya za Magharibi ya Marekani zisomwe vipi ili taharuki ikushike?

Mpenda Kurasa
Habari wanajamvi. Nimezoea riwaya za upelelezi, sasa nataka kuhamia kwenye zile za Magharibi ya Marekani enzi za walowezi: makauboi, masherifu, ng'ombe, jangwa. Nimeanza na *Riders of the Purple Sage* ya Zane Grey, nimekwama. Maelezo ya mabonde na miamba hayaishi, wahusika wanaongea Kiingereza cha ajabu, na wanapofukuzana sioni hatari iko wapi. Mtu ana farasi na bastola, si akimbie tu? Nianze na kitabu gani, na nijue nini kabla ya kukifungua?

Mzee wa Maktaba
Mkuu, hicho ni cha 1912, na waandishi wa wakati ule waliandika matamshi ya wahusika kama yalivyotoka mdomoni, herufi zikikatwakatwa. Hupatikana bure mtandaoni ndiyo maana wengi huanzia hapo. Kiweke kando kwanza.

Anza na *True Grit* ya Charles Portis (1968). Msimulizi wake, Mattie Ross, ni nadra kufupisha maneno, na sentensi zake zimenyooka kama barua ya ofisini, kwa hiyo aliyejifunza Kiingereza shuleni hapati shida. Mattie ana miaka 14 anapomsaka muuaji wa baba yake, lakini anasimulia akiwa mtu mzima sana. Toka ukurasa wa kwanza unajua hakufa. Swali linalobaki ni bei aliyolipa, na hilo mwandishi analibana hadi mwishoni.

Onyo: matoleo mapya ya vitabu hivi huwa na utangulizi wa wahakiki, na mara nyingi unafichua mwisho. Uruke, urudi kwake ukishamaliza.

Tandiko
Nijibu hilo la "si akimbie tu", maana ndilo linalokunyima utamu.

Farasi aliyebeba mtu, tandiko na mizigo anaweza kwenda shoti kilomita chache tu, kisha pumzi inakata. Safari ya siku nzima ni kutembea na kukimbia polepole kwa zamu, na kilomita 50 au 60 ni siku nzuri. Ukisoma kwamba mtu amempiga farasi mbio tangu alfajiri, jua mwandishi anakuandaa: kabla ya jioni mtu huyo atakuwa anatembea kwa miguu. Jiwe dogo likinasa ukwatoni, matokeo ni hayo hayo.

Halafu maji. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kwenye joto. Huwezi kuyabeba. Kwa hiyo Arizona au New Mexico, anayekimbia na anayemkimbiza wote lazima wafike kwenye chemchemi ile ile. Mfukuzaji mwenye akili hafuati nyayo. Anatangulia kisimani na kungoja. Mhusika akitikisa chupa yake ya maji na kusikiliza kilichobaki, punguza mwendo wa kusoma, hapo ndipo pa kuogopa.

Silaha nazo. Bastola ya Colt ya 1873 ina matundu sita, lakini aliyeijua alijaza matano na kuacha nyundo juu ya tundu tupu, kwa sababu ikigongwa inaweza kufyatuka yenyewe. Kila risasi lazima uvute nyundo kwa kidole gumba. Kujaza upya ni kutoa ganda moja moja na kuingiza risasi moja moja kupitia kijilango cha pembeni, huku mikono inatetemeka. Baruti ya wakati huo ilikuwa nyeusi: milio mitatu minne tu na moshi mweupe umetanda, huoni unayempiga, naye ameshajua ulipojificha. Hesabu risasi unaposoma. Waandishi wazuri wanahesabu.

Ukitaka haya yote kwenye kitabu kifupi, chukua *Hombre* ya Elmore Leonard (1961). Abiria wa gari la farasi, majambazi, jangwa, maji kidogo. Hakuna ukurasa wa kujaza nafasi.

Seng'enge
Naongezea ardhi, maana nusu ya ugomvi wa riwaya hizi unatoka hapo. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, mradi aishi pale miaka mitano na kupaendeleza. Kwenye nyanda kavu ekari hizo hazitoshi kufuga ng'ombe wengi, na matajiri wa mifugo walikuwa wakichunga kwenye ardhi ya umma wasiyoimiliki. Anayeshika mto ndiye anayeshika malisho yote ya jirani. Mlowezi akijenga kando ya mto na kuzungusha seng'enge, iliyoenea baada ya Joseph Glidden kupata hataza mwaka 1874, mkubwa wa mifugo anakuwa amefungiwa maji kisheria. Ndiyo maana kwenye *Shane* ya Jack Schaefer (1949), inayotokea Wyoming mwaka 1889, kila nguzo ya uzio inatisha.

Binti Nyika
Na mamlaka ya sheria, wakuu. Sherifu ana nguvu ndani ya kaunti yake tu. Muuaji wa baba yake Mattie anakimbilia Eneo la Wenyeji wa Marekani, Oklahoma ya leo, ambako sherifu wa Arkansas hana kauli. Lazima atafutwe askari wa mahakama ya shirikisho iliyoko Fort Smith, mji wa Arkansas. Msomaji asiyejua hilo anabaki kujiuliza kwa nini mtoto anahangaika kukodi askari wa aina hiyo, tena mlevi mwenye jicho moja.

Mpenda Kurasa
Asanteni sana, nimeanza kuelewa. Nimeambiwa pia *Lonesome Dove*. Na je, wenyeji wenyewe mbona kwenye vitabu hivi ni kama kivuli tu?

Mzee wa Maktaba
*Lonesome Dove* ni kazi kubwa na ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1986, ila iache iwe ya nne au ya tano. Ina kurasa zaidi ya 800, na ng'ombe wanaoswagwa kutoka Texas hawaanzi safari ya Montana mpaka sehemu ya kwanza inakaribia kuisha.

Binti Nyika
Kuhusu wenyeji uko sahihi, na ni dosari kubwa. Riwaya nyingi za zamani huwachanganya wote. Angalia kila mara ni taifa gani: Comanche wa Texas si Apache wa Arizona, lugha, ardhi na namna ya kupigana ni tofauti. Kisha soma *Fools Crow* ya James Welch (1986), inayosimuliwa kutoka ndani ya jamii ya Pikuni, Montana, kuelekea mauaji ya Mto Marias ya Januari 1870, jeshi la Marekani lilipowaua watu wa jamii hiyo. Majina ya watu na wanyama yametafsiriwa kutoka lugha yao, hivyo andika orodha yake kwenye karatasi kwa sura tatu za mwanzo, la sivyo utapotea. Taharuki yake inauma kuliko ya kauboi yeyote, kwa sababu wewe unaijua tarehe na wao hawaijui.