Msaada: mume yuko Leicester, viza ya mke tunaanzia wapi? Na mtoto wangu je?

BintiChumbageni

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mtu anayelijua hili jambo kweli, maana kila ninayemuuliza ananipa lake. Mimi nipo Tanga, mume wangu yuko Leicester miaka mingi sasa, ndoa tumefunga mwaka jana huku kwetu msikitini, alikuja mwenyewe, familia zote zilikuwepo na cheti ninacho. Tunataka niende tukaishi wote, sio kwenda kutembea. Yeye anafanya kazi ghalani, analipwa kwa saa, masaa 40 kwa wiki na ovataimu ikitokea anafanya. Tumesikia kuna kiwango cha mshahara lazima afikishe, mmoja anasema paundi elfu 18, mwingine elfu 29, mwingine elfu 38, hata hatujui tushike lipi.

Halafu nina binti yangu wa miaka 8 niliyemzaa kabla, baba yake aliondoka mtoto akiwa mchanga na hajulikani alipo. Huyu mtoto simuachi, kama haendi na mimi siendi. Kuna ajenti hapa mjini anasema hela zikipungua kwenye akaunti ya mume wangu yeye anajua kutengeneza stetimenti zikakaa sawa, tumpe milioni mbili. Mume wangu hataki kabisa kusikia, mimi niko njia panda maana nataka hili jambo liishe. Na meseji zetu zote ni za Kiswahili, wazungu watazisomaje? Nisaidieni ndugu zangu.

KakaWaReading

Dada hongera kwa ndoa. Kabla hatujafika kwenye mshahara, shemeji ana karatasi gani kule? Ana pasi ya Uingereza, ana ukaazi wa kudumu, au yuko kwa viza ya kazi? Jibu hapo ndo linaamua kila kitu, maana kama yuko kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee basi ni habari nyingine kabisa, walioomba hiyo viza kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mke wala watoto, na nimeona ndugu wengi wanatumia hela kwa maajenti kwa kitu ambacho sheria imeshafunga.

BintiChumbageni

Ana ukaazi wa kudumu kaka, ile ILR.

KakaWaReading

Alhamdulillah, basi mlango uko wazi. Sasa tuje kwenye hela na soma taratibu kwa sababu hapa ndo wengi wanaangukia.

Kiwango ni £29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, kimeanza 11 Aprili 2024. Ile 18,600 ndo ya zamani, na ile 38,700 ni serikali iliyopita ilipanga kufika huko ila iliyoingia 2024 ikasimamisha. Kwa hiyo shika 29,000, ila siku ya kuomba ingieni wenyewe gov.uk, tovuti ya serikali ya Uingereza, mhakikishe haijabadilika.

Sasa piga hesabu. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa £12.21 kwa saa, masaa 40 mara wiki 52 inakuja kama £25,400. Yaani mtu anafanya kazi wiki nzima, mwaka mzima, na bado sheria inamwambia hatoshi kuishi na mke wake. Mimi hili linaniuma sana, watu wanabeba mizigo usiku kucha halafu wanaambiwa hivyo. Lakini kwa anayelipwa kwa saa kuna kitu kizuri, wao wanachukua jumla ya alicholipwa miezi 6 ya mwisho kwa mwajiri huyohuyo, wanatafuta wastani, wanauzidisha kwa 12, na ovataimu imo. Kwa hiyo shemeji anatakiwa ndani ya miezi 6 mfululizo awe na jumla ya £14,500 kabla ya kodi. Mwezi mmoja ukiwa chini na mwingine juu sio tatizo, inaangaliwa jumla. Akipata kazi ya pili ya wikiendi nayo inajumlishwa ila nayo iwe na karatasi zake zote na iwe imefika miezi 6.

Akiba pia inasaidia kuziba pengo, ila hesabu yake ni kali. £16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa, zinazozidi hapo zinagawanywa kwa 2.5. Mshahara ukipungua £1,000 tu kwa mwaka mnahitaji akiba ya £18,500 iliyokaa benki miezi 6. Kwa mtu wa ghalani ovataimu ni rahisi kuliko hiyo.

Duka lako au biashara yako ya Tanga haihesabiwi, kipato cha kazi au biashara cha muombaji akiwa nje hawakiangalii.

MamaSalma_Bham

Mwanangu nimesoma habari ya huyo ajenti nikaona nisipite kimya. Msikilize mumeo. Hizo stetimenti zinalinganishwa na salari slipu mstari kwa mstari, slipu inasema alilipwa kiasi fulani baada ya kodi tarehe fulani, na benki lazima ionyeshe kiasi hichohicho kimeingia. Na Home Office, wizara ya huku inayoshughulikia viza, wanaweza kuuliza mamlaka ya kodi na mwajiri pia. Karatasi moja ya uongo ikionekana ombi lote linakataliwa hata kama ndoa yenu ni ya kweli na mshahara unatosha, na kwa viza nyingi za huku kuna kufungiwa mpaka miaka 10. Ajenti atakuwa ameshakula milioni mbili zake na anayebaki na doa ni wewe. Nyie mna ndoa ya halali, mna kipato kinachokaribia, mnahitaji uongo wa nini? Bora mchelewe miezi kadhaa mumeo aongeze zamu.

Mwl_Hamidu

Naongezea alichosema Mama Salma. Slipu za miezi 6, stetimenti za miezi hiyohiyo 6, na barua ya mwajiri yenye kusema ameajiriwa tangu lini, mkataba wa aina gani, analipwa kiasi gani na amelipwa kiasi hicho kwa muda gani. Barua ya "huyu ni mfanyakazi wetu mzuri" haisaidii kitu. Kama kuna sehemu ya hela analipwa mkononi bila kupita benki hiyo isahauni.

ZaiNabu_Ilford

Shoga mimi nimepita njia hiyohiyo nikitokea Dar kwa hiyo nizungumzie za kwako wewe, maana wote wanamzungumzia mume hahaaa.

Kiingereza kwanza. Unatakiwa mtihani wa A1, kile kiwango cha mwanzo kabisa, kusikiliza na kuongea tu, hakuna kuandika. Wa IELTS unaitwa Life Skills, mnaingia wawili na msimamizi mmoja, mnaongea kama dakika 16 hivi, anakuuliza unaishi wapi, unapika nini, halafu mnaulizana na mwenzako. Sio wa kuogopa ila usiende bila mazoezi, kaa na mtu muongee kila siku. Uangalie uwe ule uliokubaliwa kwa viza ya Uingereza kwenye senta iliyokubaliwa, maana kuna IELTS za kawaida ambazo hazitakiwi hapa, na kama siku hizo hakuna senta karibu itabidi usafiri. Kama una digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza unaweza kuipitisha kwa Ecctis, wale wanaohakiki vyeti vya nje, wakuthibitishie na mtihani huufanyi.

Meseji sasa. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza inatakiwa na tafsiri, na mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake. Sasa fikiria kutafsirisha maongezi ya mwaka mzima, utafilisika. Chagueni. Kurasa chache kutoka kila baada ya miezi kadhaa, tangu mlipoanza mpaka sasa, zenye tarehe zinaonekana juu. Na msichague zile za mapenzi matupu. Mimi zilizonisaidia ni za kawaida kabisa, "umekula?", "mama amekwenda kliniki?", "hela ya bati nimetuma angalia", kwa sababu anayesoma anaona hapa kuna watu wanaendesha nyumba pamoja. Ile orodha ya simu za WhatsApp inayoonyesha mmepigiana usiku kwa usiku haihitaji hata tafsiri kubwa. Weka risiti za hela alizokutumia, ziwe za WorldRemit au za kuingia M-Pesa, na mihuri ya pasi yake alipokuja, na tiketi. Picha za harusi weka chache zenye wazee wa pande zote mbili, sio hamsini za nyie wawili tu mmesimama palepale.

Halafu kaangalie majina yako leo hii, usingoje. Kwenye pasi, cheti cha kuzaliwa cha RITA, NIDA na cheti cha ndoa. Kwetu mtu ana jina la babu kwenye kimoja na jina la ukoo kwenye kingine, herufi moja imeruka. Sahihisha mapema au upate hati ya kiapo ya kueleza, na uandike kwenye barua yako kwamba ni mtu mmoja.

BintiChumbageni

Jamani Mungu awabariki, nimesoma nimelia. Zai cheti changu cha ndoa wameandika jina la baba kwa herufi H wakati kwenye pasi haipo, naenda kesho kushughulikia. Ajenti nimeshamwambia basi. Je kuhusu mtoto?

MamaSalma_Bham

Mtoto anaweza kuomba pamoja na wewe mwanangu, usikate tamaa. Zamani mtoto alikuwa anaongeza kiwango cha mshahara, kwa wanaoomba sasa hivi hakiongezeki, ni 29,000 hiyohiyo. Lakini kwa kuwa mumeo sio baba yake lazima uonyeshe kwamba jukumu la huyo mtoto ni lako peke yako. Kusema "baba hayupo" haitoshi, wao wanataka kuona nani anaamua maisha yake. Nenda shuleni kwake uombe barua inayosema nani alimuandikisha, nani anakuja kwenye vikao, nani analipa michango. Kadi ya kliniki ya tangu mchanga yenye jina lako. Risiti za sare, za dawa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mnaishi pamoja na baba haonekani, na kiapo chako mwenyewe ukieleza aliondoka lini na mara ya mwisho mlimsikia lini. Mama yako au dada yako kama anakusaidia kulea haiharibu kitu, ila ieleweke kwamba anasaidia tu na mwenye kauli ni wewe.

Hapa ndo nakuomba usibane matumizi, kama mna hela ya wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa kule basi mlipeni aangalie faili la mtoto. La kwako mnaweza kufanya wenyewe.

KakaWaReading

Gharama mzijue mapema dada. Ada kwa mtu anayeomba akiwa nje ilipandishwa Aprili 2025 ikawa £1,938 na huwa wanabadilisha mwezi wa nne, mtoto naye analipa ya kwake. Juu yake kuna ada ya afya, mtu mzima £1,035 kwa mwaka na mtoto £776. Viza ni ya miezi 33 lakini afya mnatozwa kama miaka 3, kwa hiyo kwako peke yako ni £3,105. Wakikataa hiyo ya afya inarudishwa, ile ada ya viza hairudi. Wakikataa pia kuna haki ya rufaa, ukiwa nje ni ndani ya siku 28, msikimbilie kuomba upya bila kusoma barua ya kukataliwa.

Na nyumba je? Shemeji anaishi peke yake au kapanga na wenzake?

BintiChumbageni

Kapanga chumba kwenye nyumba na jamaa wengine wawili.

Mwl_Hamidu

Kushea nyumba sio kosa ila lazima muwe na chumba chenu wenyewe, na nyumba isizidiwe watu kisheria. Mtoto wa miaka 8 anahesabiwa kwenye idadi hiyo. Kwa hali yenu nashauri atafute hata ya chumba kimoja na sebule kabla hamjaomba, mkataba wa pango uwe na jina lake na barua ya mwenye nyumba kuwaruhusu nyie wawili kuingia. Najua kodi ya Leicester sio mchezo, lakini mtoto atakuja kulala wapi?

BintiChumbageni

Nimeongea nae sasa hivi, anasema toka mwezi uliopita ameanza kufanya zamu za Jumamosi, kwa hiyo tunasubiri miezi 6 itimie huku anatafuta nyumba. Mimi naanza mazoezi ya Kiingereza na kusahihisha jina. Kipimo cha TB nikifanye sasa au nisubiri?

ZaiNabu_Ilford

Subiri shoga. Cheti cha TB kinadumu miezi 6 tu, ukipima leo kitaisha kabla hamjaomba na utalipa tena. Kapime mwishoni, kwenye kliniki iliyo kwenye orodha ya gov.uk, hospitali nyingine hata iwe kubwa vipi hawaikubali. Wewe utapigwa eksirei, mtoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi ila mpeleke daktari amuone na ampe karatasi yake. Mtihani wa Kiingereza ndo ufanye mapema, wenyewe unadumu miaka 2.

Na fomu jazeni pole pole mnaweza kusevu mkaendelea siku nyingine, ila msibonyeze kulipa mpaka mumeo awe na barua ya mwajiri mkononi na stetimenti ya mwisho imetoka. Tarehe ya kulipa ndo tarehe ya ombi, na slipu na stetimenti za karibuni zinatakiwa ziwe ndani ya siku 28 kurudi nyuma kutoka hapo. Ukishalipa ndo unachukua apointimenti ya alama za vidole.