Kwa nini kunguru wa ufukweni huhamisha chakula alichokwisha kukificha?

Mkaa Pwani, Bagamoyo: Ndugu zangu, kwa wiki tatu nimekuwa nikiketi asubuhi karibu na soko la samaki nikiwatazama kunguru, hasa wale wadogo wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wapunguze taka. Kunguru akishashiba huchukua utumbo wa samaki, huufukia mchangani na kuufunika kwa jani kavu la mkungu. Linalonishangaza ni kwamba baada ya muda hurudi, huufukua na kwenda kuufukia mahali pengine bila kuula. Je, anafanya hivyo kwa sababu gani?

Mwalimu, Tanga: Chunguza ni nani aliyekuwa akimtazama. Mwaka 2001 Nathan Emery na Nicola Clayton wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti juu ya jei, ndege wa buluu wa Marekani aliye wa ukoo mmoja na kunguru. Jei waliowahi kuiba akiba za wenzao, walipoficha chakula huku wakitazamwa, walirudi baadaye wakiwa peke yao na kukihamishia mahali papya. Wale ambao hawakuwahi kuiba hawakujisumbua hivyo. Lakini hao walikuwa vizimbani, hivyo usiwahukumu kunguru wako kabla ya kuwatazama kwa muda mrefu.

Binti wa Mikokoni, Bagamoyo: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ningeanza na bahari: maji yakianza kujaa, akiba iliyofukiwa chini itasombwa, na ndege aliyekulia ufukweni huenda analijua hilo. Kaka, andika saa ya kufukia, saa ya kuhamisha na hali ya maji. Tena usiwatupie chakula, kwa maana watakufuata wewe badala ya kuendelea na shughuli zao.

Mwalimu, Tanga: Marahaba. Hilo la maji sikulifikiria, nami nakubali lipimwe kwanza.

Mkaa Pwani, Bagamoyo: Nawashukuru nyote. Leo maji yalikuwa yakipwa, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kusombwa. Kunguru mmoja, ninayemtambua kwa pengo la unyoya katika bawa la kushoto, alifukia kichwa cha kibua huku kunguru mkubwa mwenye kifua cheupe akimtazama kutoka ukingoni mwa mtumbwi. Yule mkubwa aliporuka kuelekea mikokoni, mdogo alirudi papo hapo, akakifukua na kukipeleka nyuma ya mashua iliyopinduliwa. Ni mara moja tu. Kesho nitarudi na daftari.