Gauni limebadilishwa nyuma ya jukwaa: mpelelezi atajuaje?

Mshona_Visa:
Wadau, naandika hadithi ya upelelezi. Onyesho la mitindo Westlands, Nairobi, Jumamosi usiku. Gauni la kufungia onyesho, hariri tupu, linaibwa nyuma ya jukwaa na nakala ya satini ya poliesta inatundikwa mahali pake. Mwanamitindo anaivaa, anapigiwa makofi, na hakuna anayeshtuka hadi kesho yake. Nakala ilishonwaje bila mbunifu kujua? Na inspekta wangu, asiyejua kushona hata kifungo, atagunduaje? Sitaki mshukiwa akiri tu ukurasa wa mwisho.

Fundi_JogooRoad:
Anzia kwenye marekani, yaani gauni la majaribio la pamba ya bei rahisi. Kabla mkasi haujagusa hariri, gauni hushonwa kwanza kwa kitambaa cha marekani, hujaribiwa mwilini, huchorwa kwa kalamu na kurekebishwa. Likishamaliza kazi hutupwa kona ya karakana, na hakuna anayehesabu marekani. Mwizi akilifumua mishono anapata patani nzima, kifua na kiuno vikiwa vimeshasahihishwa. Hana haja ya kuiba karatasi yoyote.

Kuhusu kitambaa, tumia moto. Chomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa ndani wa mshono, zishike kwa kibano, zisogeze kwenye mwali. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu jeusi linalosagika vidoleni. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, na ikipoa huacha shanga ngumu isiyosagika. Mtego uko hapa: magauni mengi ya hariri hushonwa kwa uzi wa poliesta. Inspekta akichomoa uzi wa kushonea badala ya uzi wa kitambaa, atalitangaza gauni halisi kuwa bandia. Hiyo peke yake ni sura nzima ya kitabu.

Wakili_Msomaji:
Asichome yeye. Kielelezo kikiunguzwa na askari mezani, wakili wa utetezi atacheka. Nyuzi zifungwe, ziwekwe alama, zipelekwe maabara ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai) pale Kiambu Road zikaangaliwe kwa hadubini. Mbunifu aanze kituoni apate namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Picha za kamera za ukumbi ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kile cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, la sivyo zitapingwa.

Jumamosi umeichagua vizuri. Katiba, Ibara ya 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hata angekamatwa usiku huo huo, inspekta angekuwa na mpaka Jumatatu.

Pazia_na_Poda:
Mmesahau rangi ya uso. Nyuma ya jukwaa mvishaji humfunika mwanamitindo kichwa na uso kwa skafu nyepesi kabla ya kumpitishia gauni, ili faundesheni isiguse kitambaa. Mwizi aliyelijaribu gauni haraka chooni hakuwa na skafu. Gauni likipatikana, tazama ndani ya shingo: doa la rangi isiyolingana na ya mwanamitindo aliyepangiwa kulivaa. Pia kila reli ya kutundikia nguo ina kadi yenye picha ya vazi kamili pamoja na viatu na vipuli. Nakala ikiwa na zipu ya ubavuni na kadi inaonyesha ya mgongoni, mvishaji alipaswa kuona. Kama hakusema, muulizeni kwa nini.

Mshona_Visa:
Hapo kwa mvishaji nimepata pa kuanzia. Swali la mwisho: gauni linapatikana kwa mnunuzi mnene kidogo kuliko mwanamitindo, anadai alishonewa yeye. Inspekta atampingaje?

Fundi_JogooRoad:
Basi lilipanuliwa, na hariri iliyofumwa kwa kubana haisahau sindano. Ukifumua mshono, matundu hubaki, hasa kama kuna aliyetumia sindano nene ya namba 90 badala ya nyembamba ya 60 au 70. Geuza gauni ndani nje, liinue mbele ya taa kali. Utaona mstari wa matundu matupu kando ya mshono mpya, upande wa mwili na si wa ukingo wa kitambaa, ukienda nao sambamba. Pima nafasi kati ya mstari huo na mshono mpya. Ikiwa ni sentimita 1 kila ubavu, upana umeongezeka sentimita 4 jumla, maana mbavu ni mbili na kila mshono una vipande viwili. Kisha linganisha mstari wa zamani na ile marekani, kama mwizi hakuitupa.